Bonge Lisilo na Galaksi

Shavu hakuwa mwongo. Hilo tulimalize mapema, maana najua wapo watakaosikia habari hii na kumrushia jina hilo, na wengi wao hawajawahi kuishi nyumba moja na mdogo wao anayesema kila kinachompitia kichwani.

Kazi yake ilikuwa ukalimani wa lugha ya alama. Ungemkuta hospitali, mahakamani, kwenye kikao cha wazazi shuleni, kasimama pembeni na blauzi yake nyeusi isiyo na ua hata moja, maana vidole havisomeki vizuri mbele ya nguo ya madoadoa. Anasikia kwa masikio na kusema kwa mikono, kisha anasoma mikono na kusema kwa mdomo. Jina la Shavu alipewa na viziwi wenyewe. Viziwi hawahangaiki na jina la kwenye cheti. Wanakutazama mara moja, wanakubandika alama, na utazikwa nayo. Yeye walimwona mashavu yamejaa kama kabania maji mdomoni, wakagusa shavu kwa kidole, basi, yakaisha. Mdogo wake, aliyezaliwa kiziwi, nyusi zake zilikutana katikati na hazikutulia hata dakika, kwa hiyo akawa Nyusi.

Mama yao alikuwa mshonaji wa mapazia. Lugha ya alama hakuijua zaidi ya njoo, kula, lala na acha ujinga. Si kwamba hakumpenda mwanawe, jamani, msimhukumu. Alikuwa na cherehani isiyosubiri, na alikuwa na Shavu, na Shavu alitosha. Tangu yuko shule ya msingi alikuwa ndiye wa kutumwa: mwambie mdogo wako hivi, muulize mdogo wako vile. Na kila walipotoka mlangoni, wasia ulikuwa ni ule ule: "Usikubali watu wamcheke mwenzio."

Hakukubali. Lakini hebu fikiria ugumu wa kazi yenyewe. Shangazi yao alikuja siku moja na wigi jipya, akasimama katikati ya sebule akisubiri sifa. Nyusi akamtazama juu mpaka chini, akasema kwa mikono: "Mwambie nywele zinaonekana kama zimetafunwa na mbuzi." Shavu akamgeukia mgeni. "Shangazi," akasema, "anasema umependeza mno." Shangazi akamrukia Nyusi kwa mabusu, na Nyusi, akiwa amebanwa kifuani pale, akatoa mkono mmoja na kuuliza, "Mbona amefurahi?" Shavu akamjibu kwamba shangazi ni mtu mwenye moyo mkubwa.

Yeye mwenyewe aliita jambo hilo kulainisha. Kwa wateja wengine hakulainisha hata kidogo; tena ndiye aliyewafundisha wakalimani wapya pale kwenye chama cha viziwi, katika chumba kilicho nyuma ya duka la fotokopi, akiwaambia kwa ukali: "Mkono ukitukana, mdomo utukane. Wewe si mama yake mtu." Wakalimani wapya walimwogopa. Ila ikija kwa Nyusi, sheria ililala. Alimlainishia kwa daktari, kwa fundi, kwa mwalimu, kwa yule kijana aliyekuja kuchumbia akaondoka akidhani amekataliwa kwa heshima. Loo, laiti angejua alichoambiwa hasa!

Sasa Nyusi alikuwa amemaliza sekondari na kichwani mwake hakuna kingine ila anga. Alitaka kusoma fizikia chuoni. Alama za mtihani anazo, akili anazo, ila Mkuu wa Kitivo cha Sayansi, mzee nadhifu mwenye kalamu ya kubofya, hakuona njia. "Sina ubaya naye," aliwaambia viongozi wa chama cha viziwi, akibofya kalamu yake. "Lakini fizikia si salamu. Atafuataje mhadhara kupitia vidole vya mtu?" Walivutana naye mpaka akalegea kidogo. Alikuwa anakuja Profesa mgeni, mtaalamu wa galaksi za kale, kutoa mhadhara wa wazi ukumbini. Nyusi aje, akae mbele, afuate, na mwisho aulize swali moja. "Swali la mtu linaonyesha alichoelewa," akasema Mkuu. "Nikiona ameelewa, muhula ujao yumo. Nikiona hakuelewa, tusisumbuane tena."

Chama kilitaka mkalimani asiye ndugu. Shavu akaja juu. "Nani anamjua Nyusi kuliko mimi?" Swali hilo halikuwa na jibu, na wakalimani wenyewe ni wachache, kwa hiyo wakamwachia. Mama naye akasema mwanawe hapelekwi mbele ya watu wale akiwa mikononi mwa mgeni.

Basi siku moja kabla, Shavu akaenda kumwona Profesa ili aelezwe habari yenyewe, maana huwezi kufasiri usichokielewa. Alimkuta kwenye ofisi ya kuazima, meza imejaa vikombe vya watu wengine. Profesa alikuwa mtu mwema, mwenye haraka ya kueleza na furaha ya kuelezea, na ndiyo iliyoleta shida.

"Tazama hapa, dada," akasema. "Tunatazama galaksi za mbali sana. Nuru yake imesafiri zaidi ya miaka bilioni kumi na mbili, kwa hiyo tunaziona kama zilivyokuwa ulimwengu ukiwa bado mchanga. Na tunakuta hazikutawanyika ovyo. Zimejikusanya. Hapa kundi, hapa kundi, katikati pengo. Tunajiuliza, nini kimezikusanya?"

"Nini?" akauliza Shavu, kalamu mkononi.

"Maada ya giza. Haitoi nuru, haizuii nuru, huioni kabisa, lakini ina uzito na inavuta. Ilijikusanya kwanza yenyewe, ikafanya mabonge. Gesi ikaporomokea ndani ya mabonge, nyota zikawaka, ndiyo galaksi. Umewahi kuona sisimizi wamejazana mahali sakafuni? Sukari iliyomwagika huioni, lakini ukiona sisimizi unajua ipo."

Shavu akafurahi. Hatimaye kitu cha kushika! "Kwa hiyo galaksi zinakula maada ya giza."

"Hapana, hapana! Hakuna anayemla mwenzake. Tuache sisimizi. Chukua nguo zinazoning'inia uani. Kamba huioni kwa mbali, unaona nguo tu, zimepangana..."

"Kwa hiyo maada ya giza ni kamba."

"Si kamba, dada. Ni mabonge. Ingawa..." Profesa akajikuna kidevu, "kuna nyuzi pia, mabonge yako kwenye nyuzi. Lakini kesho tutasema mabonge."

"Na ni nyeusi?"

"Si nyeusi. Tunaita ya giza, ila kusema kweli nuru inapita tu, kama kioo safi."

Hapo Shavu akaweka kalamu chini. Kitu cha giza kisicho cheusi, bonge ambalo ni kioo, kamba ambayo si kamba na sukari isiyolika. Profesa akaendelea, wala hakuona. Akasema galaksi zinazong'aa zaidi huwa ndani ya mabonge mazito zaidi, na mabonge mazito hupenda kukaa karibu karibu. Kwa hiyo ukipima galaksi zimejikusanya kwa kiasi gani, kuliko kama zingemwagwa tu hovyo, unapata uzito wa bonge usiloliona. Unapima kisichoonekana kwa ujirani wa vinavyoonekana! Alisema hivyo na kupiga meza kwa raha. Shavu akaitikia kwa adabu na kuondoka na kichwa kinazunguka.

Nyumbani akamkuta Nyusi anamsubiri jikoni, karoti na kisu vimeachwa ubaoni. Akamweleza alivyoweza. Ajabu ni kwamba mengi Nyusi alikuwa anayajua kutoka vitabuni, na lililomkera ni alama. Shavu alikuwa ametumia alama ya giza, ile ya viganja kufunika macho.

"Usiseme hivyo," akasema Nyusi. "Ukifunika macho, watu wataona usiku. Fanya hivi." Akakunja ngumi ya kushoto, akaiweka mbele ya kifua. "Hili bonge. Halionekani." Kisha akazungusha vidole vya kulia juu ya ngumi, vikafunguka, vikametameta. "Hii galaksi, imewaka juu yake."

"Lakini ngumi naiona."

"Unaiona kwa sababu nimekuonyesha."

"Sasa kama halionekani na wewe unanionyesha..."

Nyusi akacheka mpaka akashika meza. Shavu naye akacheka, ila ndani yake hofu ilikuwa imeanza kumtafuna. Tangu wadogo, palipokuwa na jambo la kueleweka, yeye ndiye aliyeelewa kwanza kisha akampa mwenzake. Safari hii mdogo wake alikuwa mbele, na yeye nyuma anapapasa.

Siku ya mhadhara, alasiri, ukumbi ulijaa. Wanafunzi kwenye ngazi, walimu mbele, Mkuu wa Kitivo kwenye kiti cha pembeni na kalamu yake. Nyusi alikaa mstari wa kwanza, mama kando yake, kavaa gauni la kitambaa kizito kilichobaki kwenye mapazia ya mtu. Shavu akasimama karibu na jukwaa, akaelekea kwa mdogo wake, akanyoosha vidole.

Profesa akaanza, na Shavu akaanza. Niwaambie kitu kuhusu wakalimani: wanaweza kufasiri wasichokielewa. Ni aibu yao ya siri. Mikono inajifunza kubeba mizigo bila kufungua kamba, na Shavu alibeba. Bonge hapa kushoto, galaksi juu yake. Bonge hapa kulia, galaksi juu yake. Haya mazito, yako karibu karibu. Akayapanga hewani mbele yake, kila bonge na mahali pake, kama mtu anayepanga vyungu dirishani, na kila Profesa aliporudi kwenye kundi lile, naye alirudi pale pale alipoliweka. Profesa akataja kuhesabu galaksi jozi kwa jozi. Vidole viwili viwili vikajipanga. Akataja ulimwengu mchanga. Shavu akausogeza wote mbali. Jasho lilimtoka. Akilini mwake hamkuwa na kitu ila sisimizi, kamba ya nguo na ngumi ya mdogo wake. Lakini alipotupa jicho kwa Nyusi alimwona kainama mbele, nyusi zinapanda na kushuka, anatafuna kila alama, na akajipa moyo kwamba kumbe kitu kinafika.

Makofi yakapigwa. Mkuu wa Kitivo akasimama na kusema kuna mgeni mwenye swali. Ukumbi mzima ukageuka. Mama akajivuta gauni.

Nyusi akasimama. Akaonyesha pale hewani ambapo dada yake alikuwa amepanga mabonge: hili, lina galaksi, hili, lina galaksi, lile, lina galaksi. Kisha akaenda pembeni, mahali ambapo Shavu hakuweka kitu chochote, akakunja ngumi ya kushoto, ngumi ndogo, na vidole vya kulia havikuja. Ngumi tupu. Akaiweka nyingine. Tupu. Nyingine. Kisha akauliza: "Bonge, galaksi hakuna. Lipo? Mnajuaje?"

Shavu akapigwa na butwaa. Bonge lisilo na galaksi? Saa nzima kaambiwa galaksi ziko ndani ya mabonge. Bonge linajulikana kwa galaksi yake, si ndiyo habari yenyewe? Mtoto huyu amepotea. Kapotea mbele ya watu wote, na kosa ni langu, nimempangia vibaya, nimemchanganya! Akamwona Mkuu na kalamu yake. Akaona wanafunzi kwenye ngazi, midomo iko tayari kucheka. Akafanya alichokuwa akifanya maisha yake yote.

"Anauliza," akasema kwa sauti yake nzuri ya kazini, "kama Profesa anaweza kutueleza kwa ufupi, tunajuaje kwamba maada ya giza ipo."

Mnong'ono ukapita kwenye ngazi. Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Saa nzima mzee wa watu ameeleza hicho hicho! Profesa, kwa wema wake, akatabasamu na kuanza upya. "Nashukuru kwa swali," akasema polepole, kama anayemlisha mgonjwa. "Kama nilivyosema mwanzo, tunaijua kwa sababu galaksi zimejikusanya..."

Na Shavu, jamani, kazi ni kazi, ilimbidi afasiri jibu hilo. Akalirudisha kwa mikono yake mwenyewe: maada ya giza ipo, tunajua, galaksi zimejikusanya. Uso wa Nyusi ukabadilika mbele yake. Kwanza alingoja, akidhani ni utangulizi. Kisha nyusi zikashuka. Kisha zikaganda, na Shavu hakuwahi kuziona zimeganda tangu amjue.

"Sikuuliza hivyo," akasema Nyusi.

Shavu akakwepesha macho.

"Umemwambia nini?"

Mkuu wa Kitivo alikuwa amekwishabofya kalamu na kuitia mfukoni. Alikuwa anakusanya karatasi zake kwa upole wa mtu aliyejua toka zamani. Mama, ambaye hakuelewa mhadhara wala swali, alikuwa akitabasamu kwa kila aliyemtazama. Nyusi bado amesimama, peke yake, na mikono imemlegea ubavuni. Hapo ndipo Shavu alipoona kwamba watu walikuwa wanamcheka mdogo wake kwa maneno yake yeye, Shavu.

"Samahani," akasema. Sauti ilitoka nyembamba. Akarudia kwa nguvu. "Samahani! Swali hilo halikuwa lake. Nimelibadilisha mimi."

Mkuu akasimamisha karatasi hewani.

"Mimi ni dada yake," Shavu akaendelea, na mikono yake, kwa mazoea tu, ikawa inasema yale yale ili Nyusi aone. "Sikuelewa alichouliza. Nikadhani amekosea. Nikamwekea swali ambalo niliona haliwezi kumwaibisha. Alichouliza ni hiki, nakisema kama kilivyo: Bonge ambalo halina galaksi, lipo? Na mnajuaje?"

Profesa alikuwa ameshaanza kukunja waya wa kompyuta yake. Akauacha. "Rudia," akasema.

"Bonge lisilo na galaksi. Mnajuaje lipo."

"Aha!" akasema Profesa, na uso wake wote ukafunguka. Lakini kabla hajaendelea, Mkuu wa Kitivo akanyoosha mkono.

"Subiri kwanza, Profesa. Dada, unikubalie niseme wazi. Dakika moja iliyopita umekiri kwamba unamtungia maneno. Sasa swali la pili ni zuri. Nitajuaje kwamba hili nalo si lako?"

Shavu akamtazama. Kweli, jamani, hilo hakuwa amelifikiria. "Langu?" akasema. "Mzee, mimi hata sielewi nilichosema."

Vicheko. Mkuu hakucheka. "Ulikutana na Profesa jana, mkazungumza."

"Tulizungumza sisimizi!"

"Basi tueleze swali hilo maana yake nini," akasema Mkuu, na hakusema kwa ubaya, alitaka kujua tu. "Kama ni lako, utalieleza. Kama si lako, tutaona."

Angeweza kukataa. Angesema hiyo si kazi ya mkalimani, na angekuwa sahihi, sheria zipo. Akatazama ule umati. Alikuwa ametumia miaka yake yote akihakikisha hakuna chumba cha watu kinachomcheka mtu wa nyumbani kwao, akasogea katikati ya jukwaa ili chumba hiki kimcheke yeye.

"Nijuavyo mimi," akasema, "kuna mabonge. Hayaonekani. Ni ya giza, ila si meusi. Ni kioo, lakini kizito. Yako kwenye kamba, ila si kamba. Galaksi zinakwenda pale kama sisimizi kwenye sukari, lakini haziili. Sasa mdogo wangu anauliza kuhusu... kuhusu sukari ambayo sisimizi hawajaiona. Na mimi namuuliza, kama hata sisimizi hawajaiona, yeye imemhusu nini?"

Ukumbi ukaanguka. Wanafunzi walipigana vikumbo, Profesa akaficha uso kwa viganja, hata mama akacheka, maskini, kwa kuwa wote walicheka. Shavu akasimama pale, masikio yanawaka moto, akayafasiri maneno yake yote kwa mikono mpaka la mwisho. Nyusi alisoma yote. Hakucheka.

Mkuu wa Kitivo akatoa kitambaa, akapangusa macho. "Haya," akasema. "Si la kwako."

Ndipo Profesa akajibu, na safari hii hakusema polepole. Akasema hilo ndilo linalowanyima raha. Uzito wa bonge wanaupata kwa kuona galaksi zake zimekaa vipi na majirani. Bonge lisilo na galaksi halina cha kukaa na jirani, kwa hiyo kwa njia hii halipimiki. Hesabu zinasema mabonge madogo matupu lazima yawe mengi, mengi kuliko yale yaliyowaka, na ni matupu kwa sababu gesi haikuweza kupoa na kutulia ndani yake. Karibu na kwetu wameanza kuyanusa, kwa jinsi nuru inayopita jirani yake inavyopindishwa. Kule mbali, enzi zile za mwanzo, bado. "Kwa hiyo jibu langu la kweli," akasema akimtazama Nyusi, si Shavu, "ni kwamba tunaamini yapo, na bado tunatafuta namna ya kuyaona. Wewe ungeanzia wapi?"

Shavu akafasiri neno kwa neno. Hakuelewa hata robo. Nyusi akajibu, Profesa akajibu, Nyusi akapinga, na Shavu akasimama katikati yao akipitisha vitu asivyovijua kutoka huku kwenda kule, mpaka Mkuu mwenyewe akasema inatosha, jengo linafungwa, na kwamba muhula ukianza binti huyu awepo darasani asichelewe.

Wakatoka ukumbini. Kwenye korido, karibu na ubao wa matangazo, mama akamkumbatia Nyusi, akamkumbatia Shavu, akamkumbatia na mtu mmoja aliyekuwa anapita zake. Shavu alikuwa mwepesi kama aliyetua mzigo wa kuni. Akaanza kupanga papo hapo, mikono inakimbia: siku za mihadhara ataomba ruhusa chamani, watakaa upande wa dirisha kwenye mwanga, watatunga alama mpya pamoja, blauzi nyeusi itabidi ziongezwe...

Nyusi akamshika mikono yote miwili. Kwa watu wanaosema kwa mikono, huko ni kumfunga mtu mdomo. Akaishika kidogo, kisha akaiachia.

"Chuoni nataka mkalimani mwingine," akasema.

"Kwa sababu ya leo? Si nimesema ukweli mbele ya watu wote? Si nimechekwa?"

"Umechekwa. Nimeona. Wewe ungenificha tena. Si kwa ubaya. Wiki ya kwanza usingenificha, wiki ya pili ungeona nimekosea, na ungenirekebisha kidogo. Dada, mimi sijui watu wangapi wananijua mimi, na wangapi wanakujua wewe."

Shavu akajiuliza. Alikuwa amefanya vibaya au vizuri? Miaka yote ile alikuwa anamlinda nani? "Watakuletea mgeni," akasema mwisho. "Mtu asiyejua unapenda nini, asiyejua ukikasirika unafanyaje. Hatakujali hata kidogo. Mtu asiyekupenda."

"Huyo huyo," akasema Nyusi. "Nataka mtu asiyenipenda."

Mama alikuwa akitazama mikono ya huyu na ya yule, tabasamu lingali usoni. "Mbona mmenuna siku ya furaha?" akauliza. "Mwenzio anasema nini?"

Majibu yalimjia Shavu tele, yote laini, yote tayari. Anasema amechoka, mama. Anasema anashukuru. Anasema twende nyumbani.

"Anasema chuoni hanitaki," Shavu akamwambia. "Anataka mtu asiyempenda." Alisema hivyo kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja, ili mdogo wake naye ahakikishe kwamba hakuna lililobadilika, na machozi yalipoanza kumtoka hakuweza kuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa bado kazini.